SOMO LA UFUNDI: KUPOZA CHUMA BAADA YA KUCHOMELEA
Maji, mafuta, hewa au majivu?



Somo hili ni kwa ajili ya wote wanaojifunza kazi ya kuchomelea vyuma, kazi ambayo hapa Rwanda wengi tumezoea kuiita kusudira. Vijana kadhaa kutoka kambini wameshapata vibarua katika vibanda vya mafundi mjini Kigali, hasa Gakinjiro ya Gisozi, na wengine wanatengeneza majembe, majiko na milango hapa hapa kambini. Wametuuliza swali moja mara nyingi: je, ni vibaya kumwagia maji mshono ukiwa bado wa moto?

Jibu fupi ni hili: inategemea chuma. Kuna chuma ambacho maji hayakidhuru sana, na kuna chuma ambacho ndoo moja ya maji hukigeuza kuwa kama kioo. Fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kumvunja mtu mguu. Soma polepole, na msomee jirani yako asiyejua kusoma.

1. KISA KILICHONIFUNDISHA

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi mjini Kigali, mteja alileta mhimili wa mkokoteni uliovunjika. Mhimili huo ulikuwa umekatwa kutoka gari bovu. Ilikuwa jioni, umeme wa Cash Power ulikuwa karibu kwisha, na mteja alikuwa amesimama mlangoni akinihimiza. Nilichomelea vizuri, mshono ukajaa na kulala sawasawa. Kisha, ili aweze kuushika na kuondoka nao, nikaumwagia ndoo ya maji. Mvuke ukapanda. Baada ya muda kidogo nilisikia sauti ndogo, "tik", kama ya kijiti kikavu. Sikuijali.

Siku ya tatu mkokoteni ulikuwa umebeba magunia ya mahindi, ukiteremka kuelekea Nyabugogo. Mhimili ulikatika. Kijana aliyekuwa akiuzuia kwa mbele aliangukiwa na mzigo akavunjika mguu, na familia iliyomtegemea ikakaa miezi bila kipato.

Waliponirudishia vile vipande nilitazama mahali palipokatika. Mambo mawili yalinishangaza. Kwanza, mshono wangu ulikuwa mzima. Chuma kilikatika pembeni mwa mshono, karibu upana wa nusu kidole. Pili, sehemu ya mkato huo ilikuwa tayari na kutu, na sehemu nyingine ilikuwa mpya, ya kijivu inayometameta kama sukari. Maana yake ufa ulikuwapo tangu jioni ile. Ile "tik" ilikuwa sauti ya ufa kuzaliwa. Mzigo ulikuja kumalizia tu.

Somo lote linalofuata ni maelezo ya sauti ile.

2. CHUMA SI CHA AINA MOJA

Vyuma tunavyotumia ni mchanganyiko wa chuma chenyewe na kaboni kidogo. Kaboni ni kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa. Kiasi chake ni kidogo sana, lakini ndicho kinachoamua tabia ya chuma:

- Chuma laini, kama bati nene, mabomba ya milango na madirisha, na vyuma vya pembe: kaboni chini ya asilimia 0.25.
- Mihimili ya magari na vyuma vya mashine: mara nyingi asilimia 0.35 hadi 0.45.
- Springi za magari, ambazo wengine huita resori: karibu asilimia 0.5 hadi 0.65.
- Tupa: asilimia 1 au zaidi.
- Chuma cha kumiminwa, kama mifuniko ya injini za zamani: zaidi ya asilimia 2.

Kadiri kaboni inavyoongezeka, ndivyo chuma kinavyoweza kuwa kigumu zaidi kikipozwa haraka. Wahunzi wa nchi hizi za Maziwa Makuu wameijua tabia hiyo kwa mikono yao kwa vizazi vingi. Abacuzi wa Rwanda walifua majembe, mikuki na visu, na kazi ya chuma katika eneo hili ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Hata leo mhunzi anayetaka panga zuri hatafuti bati la mlango. Anatafuta springi ya gari, kwa sababu anajua springi "inakubali maji", yaani ikipashwa moto na kutiwa majini inakuwa ngumu na kushika makali.

Tabia hiyo inayomfaa mhunzi wa mapanga ndiyo inayomponza fundi wa kuchomelea.

3. NINI HUTOKEA NDANI YA CHUMA CHA MOTO

Chembe ndogo za chuma zimejipanga kwa mpangilio maalumu, kama matofali ukutani. Chuma kikipashwa moto kupita nyuzi 727 za sentigredi, mpangilio huo huanza kubadilika na kuwa mwingine, wenye nafasi ya kuipokea kaboni. Kaboni huingia ndani na kutawanyika. Kwa macho, chuma kinakuwa chekundu cha kuiva. Kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, na hiyo ni njia rahisi ya kujua kwamba mstari umevukwa.

Sasa moto unaondoka. Kuna njia mbili.

Kikipoa polepole: Mpangilio wa zamani unarudi taratibu, na kaboni inapata muda wa kutoka na kujipanga pembeni katika tabaka nyembamba. Chuma kinakuwa laini, kinapindika kabla ya kuvunjika.

Kikipoa ghafla: Mpangilio unalazimika kurudi upesi kabla kaboni haijatoka. Fikiria twegerane ya Kigali iliyojaa abiria, kondakta akafunga mlango kabla hawajashuka. Kaboni inabanwa ndani, na kila kitu kinavutana. Chuma cha hali hiyo huitwa martensaiti, kutokana na jina la mtaalamu Mjerumani Adolf Martens. Ni kigumu mno, tupa inateleza juu yake. Lakini kwa kuwa kimebanwa, hakiwezi kupindika. Kikipigwa au kuvutwa, kinapasuka.

Zingatia maneno mawili yasichanganywe. UGUMU ni uwezo wa chuma kukataa kukwaruzwa na kubonyea. USHUPAVU ni uwezo wake wa kupokea pigo bila kupasuka. Kioo ni kigumu lakini si shupavu. Mhimili wa mkokoteni unahitaji ushupavu kuliko ugumu.

Wakati muhimu kuliko wote ni pale chuma kinaposhuka kutoka nyuzi 800 hadi 500. Kikipita hapo kwa sekunde chache tu, na kama kina kaboni ya kutosha, martensaiti huzaliwa.

4. NJIA NNE ZA KUPOZA

MAJI. Hupoza haraka sana. Maji yenye chumvi hupoza haraka zaidi, kwa sababu chumvi huvunja utando wa mvuke unaojitengeneza kuzunguka chuma cha moto. Kwa sababu ya utando huo huo, mhunzi huchezesha panga ndani ya maji badala ya kulishika palepale. Akilituliza, sehemu moja inapoa kabla ya nyingine na panga linapinda au kupasuka.

MAFUTA. Hupoza haraka, lakini si kama maji. Springi na vyuma vya kaboni nyingi vikitiwa mafuta huwa vigumu bila kupasuka kirahisi. Hatari yake ni moto: mafuta huweza kuwaka.

HEWA. Chuma kilichoachwa juu ya meza hupoa kwa kadiri. Kwa chuma laini hii ndiyo njia ya kawaida na inatosha. Lakini angalia: kipande kikubwa na kizito kilicho baridi hunyonya joto la mshono mdogo haraka sana, hata bila maji. Kwa hiyo mshono mfupi juu ya mhimili mnene unaweza kupoa upesi ukiwa hewani tu. Ndiyo sababu tunapasha moto kwanza, kama tutakavyoeleza.

MAJIVU MAKAVU, CHOKAA KAVU AU MCHANGA MKAVU WA MOTO. Hupoza polepole kuliko vyote, kwa saa nyingi. Kaboni inapata muda wa kutoka, na chuma kinabaki kikiwa shupavu. Kila nyumba inayopika kwa makaa ina majivu, hayanunuliwi. Sharti yawe makavu kabisa.

5. KWA NINI KILIKATIKA PEMBENI MWA MSHONO

Kazi yoyote iliyochomelewa ina sehemu tatu. Ya kwanza ni mshono wenyewe, ambao umetoka kwenye fimbo ya kuchomelea (bageti). Fimbo nyingi za kawaida ni za chuma laini, kwa hiyo mshono wake haugumu sana ukipoa. Ya tatu ni chuma cha asili, kilicho mbali na moto, ambacho hakikubadilika. Katikati yake kuna sehemu ya pili: ukanda mwembamba wa chuma cha asili ambacho hakikuyeyuka, lakini kilipashwa moto kupita nyuzi 727.

Ukanda huo ndio wenye hatari. Una kaboni nyingi ya mhimili au springi, umepashwa moto kama wa mhunzi, na ukimwagiwa maji ni sawa na kutia panga majini, bila kukusudia. Mhimili wangu ulikatika hapo hapo.

Kuna adui wa pili anayesaidiana na maji, naye ni unyevu. Fimbo za kuchomelea zikipata unyevu, hewa ya haidrojeni hutoka katika unyevu huo na kuingia ndani ya chuma cha moto. Ikikuta ukanda mgumu, hufungua nyufa taratibu. Ufa wa namna hiyo unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi kwisha, hata siku mbili. Kwa hiyo usiseme kazi ni nzima kwa sababu ilikuwa nzima jioni. Itazame tena kesho na keshokutwa. Mvua za Machi hadi Mei zikifika, hifadhi fimbo ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, mahali pakavu.

6. HATA MASHINE KUBWA HUFUATA SHERIA HII

Vijana wanaosoma ufundi wametuuliza pia kuhusu njia mpya ya kuchomelea bila cheche. Tuieleze kwa kifupi, kwa sababu inafundisha jambo lile lile.

Mwaka 1991, katika taasisi ya TWI karibu na Cambridge, Uingereza, Wayne Thomas na wenzake waligundua njia ya kuunga metali kwa kukoroga. Kifaa kigumu chenye ncha huzungushwa kwa nguvu na kukandamizwa kwenye mahali vipande viwili vinapokutana. Msuguano unaleta joto, metali inalainika kama ugali bila kuyeyuka, na ncha inaikoroga huku ikisonga mbele. Nyuma yake vipande viwili vimekuwa kimoja. Haina fimbo wala moshi mwingi. Ilianza na aluminiamu, na imetumika katika meli, mabehewa ya treni na vyombo vya angani.

Kwa chuma kazi ni ngumu zaidi, maana joto hufika karibu nyuzi 1,000 au kuzidi, na ncha za kawaida huisha upesi. Hutumika ncha za tungsteni au za vifaa vingine vigumu sana na vya bei kubwa. Mashine kama hiyo si ya kibanda cha mtaani.

Watafiti walijiuliza swali lile lile la vijana wetu: tukipoza mshono huu kwa maji, au kwa hewa, au tukiuacha, nini kitatokea? Wengine walikoroga chuma kikiwa ndani ya maji kabisa, na wengine walipuliza gesi baridi nyuma ya ncha. Majibu yalitegemea metali:

- Kwa aluminiamu ya aina zinazopata nguvu kwa kupikwa, maji yalisaidia. Joto halikupata muda wa kulainisha sehemu za pembeni, na mshono ukawa na nguvu zaidi.
- Kwa chuma laini, kupoza haraka kulifanya chembe za chuma kuwa ndogo zaidi. Chembe zikiwa ndogo, chuma huongezeka nguvu.
- Kwa chuma cha kaboni nyingi, kupoza haraka kulizaa martensaiti: ugumu ulipanda sana, na mshono ukawa mwepesi kupasuka.

Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, akiwamo Hidetoshi Fujii, walionyesha mwaka 2006 na miaka iliyofuata kwamba kuna mlango mwingine. Ncha ikizungushwa polepole na kusongeshwa kwa mwendo unaofaa, joto linaweza kubaki chini ya mstari wa nyuzi 727 hivi. Hapo hata chuma cha kaboni nyingi huungwa bila kugeuka kioo, kwa sababu mpangilio wa chembe haukubadilika tangu mwanzo. Kama mstari haukuvukwa, kaboni haikuingia ndani, na ambacho hakikuingia hakiwezi kufungiwa.

Sisi wa fimbo na umeme hatuwezi kubaki chini ya mstari huo, maana lazima tuyeyushe chuma. Kilichobaki mikononi mwetu ni kimoja: kupunguza kasi ya kupoa. Na hicho hakihitaji mashine.

7. NONDO ZA NYUMBA: MAJI YALIYOTUMIKA KWA AKILI

Msidhani maji ni adui siku zote. Tazama nondo za kujengea, ferabeto, zenye mikunjo juu yake. Mjini Kigali zinaonekana kila mahali jengo linapopanda, na nyingine hutengenezwa humu nchini kwa kuyeyusha chuma chakavu, kama katika kiwanda cha SteelRwa huko Rwamagana.

Nondo nyingi za kisasa hupozwa hivi: zikitoka kwenye mashine zikiwa nyekundu hupitishwa kwenye maji kwa muda mfupi sana. Ngozi ya nje inakuwa ngumu, lakini moyo wa nondo bado una moto. Zikitoka majini, joto la moyoni hurudi nje na kuipika upya ile ngozi, likiipunguzia ukali. Mwishoni nondo ina ngozi yenye nguvu na moyo laini unaopindika. Nondo ya milimita 12, ya daraja la nyutoni 500 kwa kila milimita mraba, hubeba karibu tani 5.8 kabla ya kuanza kunyooka moja kwa moja.

Kutokana na hayo tunapata onyo. Ukiipasha nondo kama hiyo mpaka iwe nyekundu ili kuikunja, unaifuta ile ngozi, na nguvu yake inashuka. Ikunje ikiwa baridi, kwa chuma cha kukunjia. Na mahali pa kuunganisha nondo za nguzo au boriti, funga kwa waya na kuzipishanisha kama fundi mkuu alivyoagiza. Usichomelee mpaka uwe umeambiwa kwamba nondo ile inafaa kuchomelewa.

8. NAMNA YA KUFANYA KAZI

Hatua ya kwanza: Tambua chuma. Kiguse kwenye jiwe la grainda, ukiwa umevaa miwani. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka zenye matawi machache. Springi hutoa cheche zinazopasuka kama maua mengi madogo. Kisha uliza kipande kimetoka wapi. Kilichotoka kwenye springi, mhimili, gia au zana za kulimia za trekta, kihesabu kuwa cha kaboni nyingi hadi ijulikane vinginevyo.

Hatua ya pili: Kama ni chuma laini, chomelea na ukiache kipoe chenyewe. Bati jembamba la mlango likianza kupinda kwa joto, usikimbilie ndoo. Piga vishono vifupi, ukiruka huku na huku, joto lisikusanyike mahali pamoja. Ukiwa na haraka, ngoja wekundu uishe kabisa kwanza, ndipo utumie kitambaa kibichi.

Hatua ya tatu: Kama ni chuma cha kaboni nyingi, kipashe moto kabla ya kuchomelea, upana wa kiganja kila upande wa mshono. Ng'arisha sehemu ndogo kwa tupa. Chuma kikipata joto, sehemu hiyo hubadilika rangi. Ikianza kuwa ya manjano kama majani makavu, joto ni karibu nyuzi 220. Rangi ya zambarau ni karibu 280, na buluu karibu 300. Kati ya rangi hizo ndipo pa kuanzia kazi. Jiko la makaa linatosha.

Hatua ya nne: Tumia fimbo kavu. Fimbo za haidrojeni kidogo, kama za namba 7018, zinafaa zaidi kwa kazi hii, lakini zikishapata unyevu hukaushwa kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 300. Ukizipata, zinunue katika pakiti iliyofungwa na uzitumie mara moja.

Hatua ya tano: Chomelea bila kuacha kipande kipoe katikati ya kazi. Kikipoa, kipashe tena.

Hatua ya sita: Kifukie mara moja ndani ya majivu makavu, kifunikwe chote, kilale humo hadi kesho. Mwambie mteja aje kesho. Akikasirika, mweleze sababu. Hasira ya mteja hupita usiku mmoja.

Hatua ya saba: Baada ya siku mbili, safisha mshono na ukanda wa pembeni kwa brashi ya waya, tazama mwangani kama kuna mstari mwembamba. Pitisha mafuta ya taa, pangusa, kisha paka chokaa nyepesi. Kama kuna ufa, mafuta yatajitokeza kama mstari mweusi juu ya chokaa.

ONYO: Springi, mhimili na vyuma vya usukani vya gari au pikipiki inayobeba watu visichomelewe kabisa, hata kwa kufuata hatua hizi. Vinunuliwe vingine. Hatua hizi ni kwa mikokoteni, matoroli, majembe na vifaa vya mkononi.

9. JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu. Chukueni kipande cha springi nyembamba ya gari na kukikata vipande vinne, kila kimoja urefu wa sentimita 10. Vipasheni vyote mpaka sumaku isivishike. Kisha:

Kipande A kitieni majini.
Kipande B kitieni majini, kisha king'arisheni na kukipasha taratibu mpaka kiwe cha buluu.
Kipande C kitieni ndani ya mafuta, katika kopo la chuma lenye mfuniko karibu. Msitumie petroli wala mafuta ya taa.
Kipande D kifukieni majivuni hadi kesho.

Kesho yake jaribuni tupa juu ya kila kimoja. Kisha kibaneni kwenye jiliwa, kifunikeni kwa gunia, vaeni miwani, na mkipige nyundo. Kipande A tupa itateleza juu yake, na nyundo itakivunja kwa pigo dogo. Kipande D tupa itakila, na nyundo itakikunja. B kitakuwa katikati: kigumu, lakini si kioo. C kinaweza kuwa kigumu na chepesi kuvunjika karibu kama A, kwa kuwa hakikupashwa tena. Chuma ni kile kile, moto ni ule ule. Tofauti ni namna kilivyopoa.

Wekeni vipande vilivyovunjika ukutani darasani na majina yake. Vitafundisha kuliko karatasi hii.

10. TAHADHARI ZA KILA SIKU

- Usichomelee bila kioo cheusi cha macho. Watoto na watazamaji wasimame mbali.
- Usichomelee pipa wala tangi lililowahi kuwa na mafuta. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.
- Mabomba yenye ngozi nyeupe ya zinki hutoa moshi wenye sumu. Kwangua zinki kwanza na ufanye kazi penye hewa.
- Chuma kilichomo majivuni hakionekani kuwa cha moto. Weka alama ili mtu asikishike.
- Ondoa mbao, randa na rangi karibu na kazi. Gakinjiro ya Gisozi imeungua zaidi ya mara moja, na mali ya watu wengi ikapotea.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini mhunzi anatia panga majini, lakini fundi hapaswi kutia mshono wa springi majini?
2. Ukanda ulio pembeni mwa mshono una tofauti gani na mshono wenyewe?
3. Ufa unaweza kutokea muda gani baada ya kazi? Unyevu unahusikaje?
4. Nondo ya kisasa imepozwa kwa maji, mbona haivunjiki kama kipande A?
5. Jirani ameleta mhimili wa mkokoteni saa kumi na moja jioni, naye anautaka leo leo. Utamjibu nini?

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote, na jibu lake halimo katika chuma. Yule kijana wa Nyabugogo alipona, lakini anachechemea hadi leo. Kila nikishika ndoo karibu na chuma cha moto humkumbuka, na ndoo hurudi chini.

Wenye maswali walete kwa mwalimu wa karakana. Kazi njema.